Nusu Sauti Chini

Watoto wa mtaa mzima walimwita Bi Rula, naye alilijua jina hilo na hakuudhika. Rula yenyewe ilikuwa ya mbao, imelika kingo kwa miaka ya kazi, na ilikaa juu ya piano upande wa kulia, mahali ambapo mwalimu mwingine angeweka penseli. Kazi yake ya halali ilikuwa kugonga ubavu wa piano ili kuhesabu mapigo. Kazi yake ya ziada ilikuwa vidole. Mwanafunzi akikosea mara ya kwanza, rula iligonga mbao. Akikosea pale pale mara ya pili, iligonga mfupa. Wazazi walijua, na bado walileta watoto wao, maana watoto waliotoka kwa Bi Rula walikuwa hawakosei, na mzazi mwenye hamu ya kumwonyesha mtoto mbele ya wageni haulizi sana mtoto amefikaje hapo.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, hajaolewa, mwembamba, nadhifu mpaka anakera. Nyumba aliachiwa na wazazi: sebule, vyumba viwili, na jiko la kupishana kwa zamu. Sebule ilikuwa mali ya piano. Makochi mawili yalikuwa yamesukumwa ukutani kuipisha, na mgeni akikaa ilimbidi akunje miguu kama mtu aliyekuja kuomba radhi. Juu ya piano palitandikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa palikuwa na picha ya dada yake marehemu, anacheka. Bi Rula alifuta vumbi kioo cha picha ile kila asubuhi, na kila asubuhi alijiuliza huyu mwanamke alikuwa anacheka nini.

Zamani, akiwa msichana, yeye mwenyewe alikwenda kwenye usaili wa chuo cha muziki. Alijiandaa mwaka mzima. Aliingia, akaketi, akacheza nusu ya ukurasa wa kwanza, na mmoja wa wasaili akasema, "Asante, inatosha." Basi. Alipokuwa anafunga mlango alimsikia mwingine akisema kwamba yule binti ana vidole vya kupigia taipu, na wenzake wakacheka. Hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wamechoka na walitaka chai. Lakini yeye aliibeba ile nusu ya ukurasa maisha yake yote, na kila mtoto aliyepita chini ya rula alilipishwa sehemu yake.

Kisha akaletewa Chiriku.

Huyo alikuwa binti wa dada yake, yule wa kwenye picha, na jina la Chiriku alipewa na mama yake kwa sababu ya mdomo usiotulia. Alikuwa na miaka sita mama yake alipofariki. Siku ya kwanza alisimama jikoni na kifurushi chake, hakulia, hakusema neno. Kifuniko cha sufuria kikamponyoka Bi Rula, kikalia sakafuni. Mtoto akainua kichwa, akaenda sebuleni, akabonyeza kibao kimoja cha piano, kimoja tu, cheusi, katikati ya safu, akarudi.

"Kimesema hivyo," akasema.

Bi Rula akakiangusha kifuniko tena, safari hii kwa makusudi. Ilikuwa sauti ile ile.

Wapo watu wa namna hiyo, si wengi. Sauti kwao ni kama rangi kwetu sisi wengine: hawaipimi, wanaiona. Bi Rula hakuwa na sikio hilo. Alikuwa amelitafuta kwa jasho na hakulipata, na sasa lilikuwa limesimama jikoni kwake na makamasi puani. Alifurahi. Aliona wivu pia, na tuseme wazi, wivu ndio uliofika kwanza.

Mwaka ule ule, kabla hajaanza kumfundisha, alimwita fundi wa piano. Fundi alikuwa mwanamume mnene mwenye kupumua kwa kelele, na kila alipofungua piano ya mtu alisikitika kama daktari. Akazitazama nyuzi, akapitisha kidole kwenye kutu.

"Bi mkubwa, nyuzi hizi zimekula chumvi nyingi," akasema. "Nikizivuta mpaka kimo chake, zitakatika. Mimi nitazilegeza. Nitaishusha piano nzima nusu sauti, yote kwa pamoja, ilingane yenyewe kwa yenyewe. Kwa kufundishia watoto hapa nyumbani, hakuna atakayejua."

Na kweli hakuna aliyejua. Piano ilishuka nzima, kama ngazi iliyozama kidogo ardhini: vidaraja vyote vipo, vinafuatana sawasawa, ila kila kimoja kiko chini ya pale kinapopaswa kuwa. Kwa mtu wa kawaida hiyo si shida. Kwa Chiriku, aliyejifunza majina ya sauti kwenye piano hiyo na si nyingine, dunia nzima ilishuka nayo. Alichokiita A hakikuwa A. Alitaja kengele ya baiskeli, honi ya lori, mlango wa jirani usiotiwa mafuta, vyote kwa majina yaliyoteleza, na mwalimu wake akatikisa kichwa kukubali.

Safari moja tu mambo yalikaribia kufichuka. Chiriku alikuwa kwenye umri wa kuanza kuota chunusi. Redioni ikapigwa sonata, kile kipande kirefu cha piano alichokuwa anajifunza, naye akaja jikoni mbio.

"Mama mdogo! Mbona hawa wanaipiga juu? Wameanzia kibao kingine!"

Bi Rula alikuwa anakata vitunguu. Angeweza kusema: wao wako sawa, sisi ndio tuko chini. Maneno yenyewe hayajazi kiganja. Lakini kuyasema ni kukiri kwamba piano yake ni gofu, tena mbele ya mtoto ambaye tayari alikuwa anaanza kumpita.

"Redio huvuta sauti juu," akasema bila kugeuka. "Usizisikilize. Zitakuharibu sikio."

Chiriku akaamini. Kwa nini asiamini? Akaenda akaizima redio, na tangu siku hiyo akisikia piano kwenye redio ya jirani alitabasamu kwa huruma, akiwaonea imani watu wenye vyombo vibovu.

Miaka ikaenda. Chiriku alipomaliza shule, Bi Rula mwenyewe ndiye aliyesema aende usaili. Alilisema wakati wa chakula, kama mtu anayesema kesho tufue mapazia, na binti akaacha kijiko kikaanguka. Tusimwonee Bi Rula: siku hiyo alimaanisha. Alitaka msichana wa nyumba yake aketi mbele ya wasaili wale, acheze mpaka mwisho wa ukurasa, na asikatizwe na mtu.

Vipande vilivyotakiwa vilikuwa vitatu. Fuga ya sauti tatu, ambamo wimbo mmoja unajifukuza wenyewe kutoka mkono hadi mkono, mpaka mchezaji ahisi wamekaa watu watatu kwenye kiti chake kimoja. Sehemu ya kwanza ya sonata, yenye kasi. Na walsi, dansi fupi ya polepole, ya kuonyesha kwamba mtu ana moyo pia, si vidole tu.

Bi Rula alimkalia Chiriku kooni. Kabla ya chai ilikuwa fuga, mkono wa kushoto peke yake. Baada ya chai, mkono wa kulia peke yake. Kisha alifanya lile alilokuwa akilifanya kwa wanafunzi wachache aliowaona wanafaa: alichukua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akamfunga Chiriku macho. Hiyo ndiyo ilikuwa mbinu yake kubwa, na hakumfunza mwalimu mwingine.

"Huna macho," alisema. "Huna karatasi, huna vibao. Una sikio. Ukipotea usitafute kwa vidole, sikiliza. Sikio likikwambia uko chini, panda. Likikwambia uko juu, shuka. Vidole ni watumwa tu, vitafuata."

"Na kama sikio likikosea?"

"Sikio lako halikosei. Tena."

"Mama mdogo, kidole cha pete kimevimba."

"Kidole cha pete hakiendi usaili. Unakwenda wewe. Tena."

Rula ikashuka. Chiriku hakuruka, alikuwa ameshajua kuisikia ikija, na aliwahi kusema kwa utani kwamba nayo ina sauti yake, iko karibu na G. Alicheza tena. Sauti ya kwanza ikaingia, ya pili ikaifuata, ya tatu ikapenya katikati yao bila kumgusa mtu, na yule binti mwenye kitambaa usoni akawa anatabasamu peke yake. Bi Rula alisimama nyuma yake na rula hewani. Hakupata pa kuishusha. Alingoja, akangoja, mpaka mwisho wa fuga, na hakupata.

"Umeharakisha mwishoni," akasema. Haikuwa kweli.

Jioni ile Chiriku alikaa jikoni, vidole vimezama kwenye bakuli la maji baridi, mdomo ukienda kama kawaida yake. "Nikichukuliwa nitalala bwenini, unajua? Miaka minne. Nitarudi likizo, kama nauli itakuwepo. Lakini nitakupigia simu. Na wewe utapumua sasa, Mama mdogo! Chumba changu mpangishe mtu. Tafuta mtu mtulivu, mimi nimekuchosha."

Alisema hivyo kwa upendo kabisa. Hakuona alichokifanya. Bi Rula alitazama mlango wa chumba cha binti, akaona chumba kitupu, akaona meza ya chakula ina sahani moja, na mtaa mzima hauna mtu wa kumwambia "tena" ila watoto wa majirani wenye vidole vya unga. Mpaka hapo alikuwa amemwandaa Chiriku ili ashinde. Hakuwa amefikiri kwamba akishinda ataondoka. Aliogopa, na kwa mtu kama yeye hofu haikukaa muda kabla ya kugeuka ukali.

"Toa mikono kwenye bakuli," akasema. "Maji yakizidi yanalainisha ngozi."

Usaili ukiwa umekaribia, fundi alikuja kuisawazisha piano. Alimkuta Chiriku yuko kwenye sonata. Akasimama mlangoni na mkoba wake, akasahau hata kupumua kwa kelele. Binti alipotumwa dukani, fundi akamgeukia Bi Rula.

"Huyu mtoto anaona sauti," akasema. "Mmoja wa wale."

"Najua."

"Basi sikiliza, bi mkubwa. Piano ya chuo iko kwenye kimo chake. Hii yako iko nusu chini. Mtu wa kawaida hatashtuka, lakini huyu, akibonyeza sauti ya kwanza, atadhani mikono yake iko mahali pabaya. Itamchanganya kabisa. Mpeleke pale shule ya wasichana, ukumbini wana piano nzima. Azoee siku chache tu. Mwambie. Sikio lake litajipanga upya, bado kijana."

"Nitampeleka," akasema Bi Rula.

Shule ya wasichana ilikuwa mtaa wa pili. Mtu akitoka na kikombe cha chai mkononi angefika bado ina moto. Siku ya kwanza Bi Rula alisema jua kali. Ya pili alisema walsi bado haijakaa sawa. Ya tatu hakusema kitu, kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Chiriku hakujua kwamba kuna kitu cha kuuliza. Hivyo ndivyo Bi Rula alivyojipiga danadana mwenyewe mpaka siku zikaisha. Hakuwahi kuamua kumharibia yule binti. Mtu mwenye kuamua angalau angejua anachokifanya. Yeye alijitia hamnazo, kila asubuhi upya, na kila asubuhi alifuta vumbi kioo cha picha ya dada yake na kuepuka kuutazama ule mdomo unaocheka.

Chuoni walikaa kwenye ukumbi mrefu wa kupitia, viti vya plastiki vimepangwa upande mmoja, wasichana na wavulana wakicheza piano zisizokuwepo juu ya mapaja yao. Chiriku alikuwa amevaa gauni la kijani lililopunguzwa kiunoni. Alikuwa mtulivu kuliko wote. "Sikio lako halikosei," alijinong'oneza, akacheka, akambana Bi Rula mkono.

Jina lake lilipoitwa, karani, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi, akasema, "Mama, mlezi anaruhusiwa kuingia. Anakaa nyuma tu. Wengi wanapenda."

Chiriku akageuka, macho yamejaa tumaini.

"Acha tu," akasema Bi Rula. "Akiniona atababaika."

"Siwezi kubabaika, Mama mdogo, twende!"

"Nenda, mwanangu. Wanakungoja."

Mlango ukafungwa. Ulikuwa mwembamba, ukaruhusu kila kitu kupita. Fuga ikaanza. Sauti ya kwanza ilitoka peke yake, safi, iking'aa, ya piano yenye afya, na Bi Rula alijua kilichokuwa kinatokea mle ndani kana kwamba vidole vilikuwa vyake. Wimbo ulikwenda hatua chache. Ukasita. Chiriku akaanza upya, na sasa alikuwa ameshuka kibao kimoja, kama alivyofundishwa: sikio likikwambia uko juu, shuka. Sikio likaridhika. Lakini vidole, ambavyo kwa miezi vilijua njia moja tu, vilikuta weusi palipokuwa na weupe na weupe palipokuwa na weusi. Sauti ya pili ilipoingia iliikanyaga ya kwanza. Ya tatu haikuingia kabisa.

Mmoja wa vijana waliokuwa wakingoja akafumba macho kwa aibu isiyokuwa yake.

Bi Rula alijua la kufanya. Ilikuwa kusimama tu, kufungua mlango, na kusema, "Samahani, mtoto amezoea piano iliyo chini. Mpeni nafasi aiguse kidogo." Wasaili si mashetani. Wangempa. Hata karani alikuwa anamtazama, kama aliyeona kwamba mama huyu ana jambo. Chiriku alikuwa anaanza mara ya tatu, kwa kibao cha kwanza tena, na sasa hakuamini sikio wala vidole. Alikuwa anapapasa, kama mtu anayetafuta swichi kwenye chumba cha wenyewe. Bi Rula alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Akakaa.

"Asante, inatosha," ikasema sauti ya mwanamume mle ndani.

Na jambo la aibu ni hili: alipoyasikia maneno yale, kifuani mwake kitu kilitulia. Kilikuwa kimesimama miaka mingi, na sasa kilipata mwenzake kikaketi. Haikuwa furaha. Ilikaribiana nayo mno.

Chiriku alikawia kutoka. Alipotoka uso ulikuwa mkavu.

"Mama mdogo," akasema, "piano yetu iko chini?"

"Nani kakwambia?"

"Msaili wa katikati kanifuata mpaka mlangoni. Kanambia sikio langu ni la ajabu, ila limefundishwa kwenye piano iliyo nusu sauti chini. Kasema nirudi mwakani. Kasema mwalimu wangu lazima alikuwa anajua. Nikamwambia hapana, hajui. Nikasema angekuwa anajua angeniambia. Nikakutetea mbele yao wote."

Watu wa vitini walikuwa wamegeuka. Bi Rula alihisi macho yao shingoni.

"Umeshindwa," akasema, kwa sauti ya kutosha wao wasikie, "sasa unatafuta pa kubandika. Twende, tusikose gari."

Chiriku alimgeukia. Kisha akasema, polepole, "Redio huvuta sauti juu."

Wiki zilizofuata nyumba ilinyamaza. Chiriku alifagia, alipika, alifua, alijibu alipoulizwa. Hakuigusa piano. Bi Rula, ambaye miaka yote alilalamika kwamba mdomo wa mtoto huyu utamtoa roho, alianza kubuni maswali ili asikie majibu. Chumvi iko wapi? Leo kuna mawingu? Aligundua kwamba amempata aliyemtaka, yuko nyumbani, haendi popote, na hayupo.

Ndipo siku moja Chiriku akatoka asubuhi, akarudi na uso mlaini. Alipika chai, akaileta kwa sinia, akaketi kwenye kochi.

"Mama mdogo, nimefikiri. Hasira haijengi nyumba." Alitabasamu. "Si lazima niende mbali. Nikikaa hapa tukafundisha wote, wewe wakubwa, mimi wadogo, si tunatoshana? Ila piano lazima ipande. Mwite fundi aivute mpaka kimo chake. Ikipanda, mimi sina haja ya kwenda popote."

Bi Rula alisikia maneno ya mwisho, yale mengine yakampita. Aliyakumbuka ya fundi kuhusu nyuzi, naam. Lakini yalisemwa miaka ile, na mafundi wanapenda kutisha watu. Alimpigia simu kabla chai haijapoa.

Fundi alikuja kesho yake. Alifungua piano, akatazama, akasikitika.

"Bi mkubwa, nilikwambia tangu zamani..."

"Pandisha."

Fundi akamtazama Chiriku, aliyekuwa kwenye kochi, magoti yamekunjwa kama mgeni. Chiriku akatazama sakafu. Fundi akashusha pumzi, akatia ufunguo wake kwenye kigingi cha kwanza, akauzungusha kidogo kidogo. Uzi ulilia, ukapanda, ukakaa. Wa pili ukakaa. Bi Rula alitazama picha ya dada yake, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akafikiri labda, labda tu.

Wa tatu ukakatika. Ulipiga ubao wa ndani kwa kishindo kilichomrudisha fundi nyuma.

"D," akasema Chiriku. "D ya kweli, si ile yetu."

"Niache?" akauliza fundi.

Bi Rula alimgeukia binti. Alikuwa anaomba, na hakujua anaomba nini.

"Tena," akasema Chiriku.

Ilikuwa sauti ya Bi Rula mwenyewe, kavu, isiyo na haraka. Naye alitii. "Endelea," akamwambia fundi, kwa maana alichokuwa ameahidiwa kilikuwa bado mezani, na alikuwa tayari kukilipia uzi kwa uzi. Zikakatika mbili pamoja. Chiriku akazitaja. Ikakatika nyingine. Akaitaja. Kisha kitu kingine kikapasuka, kwa sauti nzito ya mbao: ule ubao mkubwa unaoshika vigingi vyote. Nyuzi zilizobaki zikalegea pamoja kwa mlio mrefu wa kushuka, ambao Chiriku hakuupa jina.

Fundi akafunga mkoba wake. "Kwisha," akasema. "Hii hata kuni si nzuri." Mlangoni akasimama, akionekana kusumbuka. "Lakini binti alijua, bi mkubwa. Jana alikuja kwangu, nikamweleza wazi: ikipandishwa, inakufa. Nilidhani amekwambia."

Alipoondoka, Chiriku aliingia chumbani, akatoka na begi. Lilikuwa limefungwa tayari.

"Nakwenda shule ya wasichana," akasema. "Wananipa kitanda, nitawasaidia matroni wao bwenini. Jioni ukumbi uko wazi. Piano yao ni nzima."

"Ni mtaa wa pili tu," akasema Bi Rula. Sauti yake ilitoka nyembamba.

"Ndiyo. Mtaa wa pili tu. Karibu hivyo."

"Utakuja kunitazama?"

Chiriku aliichukua picha ya mama yake juu ya piano, akaifuta vumbi kwa gauni ingawa haikuwa na vumbi, akaitia kwenye begi. "Siku moja utanisikia redioni," akasema. "Lakini usisikilize, Mama mdogo. Zitakuharibu sikio."

Akaenda zake. Hakubamiza mlango.

Bi Rula alibaki amesimama. Alikunja kitambaa cha kufuma. Aliokota vipande vya uzi mmoja mmoja, akajikata kidole, akakinyonya. Baadaye akaketi, akanyoosha mgongo, akaweka mikono mahali pake, akaanza kile kipande alichokwenda nacho usaili akiwa msichana. Vibao vilishuka na kupanda bila sauti, mbao juu ya mbao, na kweli mtu angepita dirishani angedhani kuna mtu anapiga taipu. Hakuna aliyemkatiza. Alifika nusu ya ukurasa, pale pale, na vidole vikasimama vyenyewe. Alijaribu kukumbuka kinachofuata, akarudi mwanzo, akaenda tena mpaka pale, na hakukumbuka.